Mchongo wa Kazi Unatembea kwa Miguu

Wanangu wa Puge, na nyie wa Ndala na Nata mnaokuja kushinda hapa barabarani, hii ni yenu. Chuo kimeisha, bumu lilishakata zamani, vyeti viko ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati la bi mkubwa, na siku inakwenda hivi: kuamka, kuunga bando la jero, kuchungulia Ajira Portal, kupita kwenye magrupu ya matangazo ya kazi, kurudi kulala. Jioni mnakuja kijiweni mmenuna. Nawaelewa na nawapenda, ndiyo maana nataka tuongee kwa kirefu kuhusu kusaka kazi uso kwa uso. Naona wana wengi wameiacha njia hiyo kabisa, na kwa watu wa huku kwetu ndiyo njia inayolipa kuliko zote.

Hesabu kwanza. Mwaka 2025 TRA ilikuwa na nafasi 1,596, na walioomba walizidi 135,000. Kiti kimoja, watu zaidi ya 80. Mwanzoni mwa mwaka huo huo, kwenye ajira za walimu, waombaji walikuwa zaidi ya 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Sisemi msiombe. Ombeni, tena mapema, kuomba kupitia portal ni bure. Ila ukiitegemea hiyo peke yake umejipanga kwenye foleni ya nchi nzima, wakati kuna foleni za watu watatu wanne zinapangwa kila wiki kati ya Tabora na Nzega na hakuna anayezitangaza. Mwenye mashine ya kukoboa anataka mtu wa kukaa na mota zake. Chama cha msingi kinataka mtu wa kushika vitabu msimu wa tumbaku. Mchimba visima anataka saidia fundi anayejiongeza. Hawa hawabandiki tangazo popote. Wanamuuliza mtu, na huyo mtu anataja jina linalomjia kwanza. Mapambano yako yote yawe hapo, jina lako liwe ndilo linalotajwa.

Na Puge mnaidharau bure. Tabora iko kama kilomita 56 kule, Nzega kama 59 huku. Lami ilipojengwa, kazi iligawanywa vipande viwili, Tabora–Puge na Puge–Nzega. Yaani barabara nzima ilikatwa hapa kwetu. Malori ya tumbaku, ya mpunga, ya ng'ombe, mabasi ya Mwanza, yote yanapita mbele ya macho yetu na madereva wengi wanasimama kula. Mwana aliyeko Dar akitaka kuongea na dereva wa masafa, mnunuzi wa dengu na bwana shamba siku moja, atazunguka mpaka nauli imkate. Wewe unawakuta kwa mama ntilie mmoja, benchi moja, kabla ya saa saba mchana.

Njia hii ilishawapa watu kazi kabla babu zetu hawajazaliwa. Julai 1858 Mwingereza John Hanning Speke alitoka Kazeh, ndiyo Tabora yetu, akakatiza Unyamwezi kwenda kaskazini, na mapema Agosti akaliona ziwa pale Mwanza. Vitabu vinamsifia yeye. Mimi nataka mumcheki aliyekuwa naye, Sidi Mubarak Bombay, kwa sababu ukitafuta mtu aliyejua kujenga koneksheni kwenye njia ya misafara, humpati wa kumzidi.

Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa utumwani akiwa mtoto, akavushwa mpaka India, na bwana wake alipofariki akawa huru, akarudi Zanzibar. Mwaka 1857 alikuwa askari wa Sultani kwenye ngome ndogo ya Chogwe, upande wa Pangani, pale Speke na mwenzake Burton walipopita kabla ya kuanza safari yao ya bara. Bombay alijua Kihindustani tangu India. Speke naye alikijua, alikuwa amekaa huko jeshini. Wakaelewana, Bombay akachukuliwa. Hapo ndipo mchezo ulipoanza. Mwaka 1860 Speke aliporudi na mwenzake mwingine, Grant, kutafuta chanzo cha Mto Naili, alimtaka tena. Mwaka 1871 msafiri mwingine, Stanley, alipokuja Zanzibar kujipanga kwenda kumtafuta mwenzao Livingstone, alimtafuta Bombay kwa sifa aliyoiacha kwa Speke, na akamfanya mkubwa wa askari wa msafara. Mwaka 1873 msafiri mwingine tena, Cameron, naye akamchukua, wakavuka bara zima mpaka pwani ya Atlantiki. Mwishoni Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa pensheni. Safari nne kubwa, na kila bosi mpya alimfikia kupitia jina lililoachwa kwa bosi wa nyuma.

Kuna kitu kingine ninachokipenda hapo. Stanley hakumchukua Bombay peke yake. Alichukua na wengine waliowahi kutembea na Speke. Waliosota pamoja njiani waliendelea kuingia kazini pamoja.

Wapagazi wa Kinyamwezi wenyewe walikuwa watu wa kazi haswa. Walitoka kiangazi wakishavuna, walibeba mzigo wa kilo 30 hivi mpaka Bagamoyo, na wengi walirudi mvua zinapokaribia ili wawahi kulima. Walilipwa nguo, walidai posho ya njiani, na posho ikizingua mizigo iliwekwa chini, hakuna anayesogea. Njia hiyo hiyo ilipitisha pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo, na hilo lisipambwe na mtu. Ila wale waliotembea kwa kulipwa walijenga mtandao ambao mpaka leo upo, nao ni utani. Mnyamwezi na Mzaramo wanataniana hadi kesho, na utani huo ulikolea kwenye safari za kwenda pwani. Ukifika ugenini una mtani, una pa kulala, una mtu wa kukwambia msafara gani unalipa vizuri na mkubwa gani ni msumbufu. Ukifa, ana wajibu kwenye maziko yako. Leo dogo anapanda basi kwenda Dar na hajui mtani wake ni nani. Hiyo ni mali ya ukoo mmeiacha njiani, kaulizeni wazee.

Sasa sikiliza hii ya Mmarekani mmoja, mwanasosholojia anaitwa Mark Granovetter. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliwahoji watu wa mji wa Newton, Massachusetts, waliokuwa wamebadilisha kazi karibuni. Zaidi ya nusu walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Hapo bado hujashangaa. Akawauliza hao, huyo aliyekupa mchongo mlikuwa mnaonana mara ngapi? Wasiofika 17 kati ya 100 ndio waliosema mara kwa mara. Wengine wote walisema mara mojamoja au kwa nadra. Ukikaa ukatafakari utaona kwa nini. Mshkaji wako wa damu, mnayegawana naye chipsi, anajua kile kile unachokijua, na habari ikimfikia yeye na wewe imekufikia. Dereva wa lori unayemsalimia mara moja kwa wiki anatoka Kahama, amelala Nzega, kesho yuko Sikonge. Kichwani mwake kuna michongo ambayo kijiwe chetu hakiwezi kuisikia hata tukae mpaka usiku wa manane.

Kwa hiyo kukaa kijiweni na wana wale wale kila siku ni raha, na raha inahitajika, ila huko sio kusaka kazi.

Kuna dogo mmoja hapa, katoka VETA na cheti cha umeme. Hakuwa muongeaji. Alichofanya ni kutembea na tester na bisibisi kwenye mfuko wa shati, kila siku, hata akiwa anakwenda kunywa chai. Asubuhi moja akakuta kwa mama ntilie taa ya jikoni inawaka na kuzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu chai, ila leo tunakunywa gizani."

"Naomba niicheki hiyo holda, mama. Haitachukua muda."

Akazima meinswichi, akapanda juu ya benchi, akafungua, kumbe waya umeungua kichwani. Akakata kipande kilichoungua, akachuna, akakaza upya, akamwonyesha mama kile kipande cheusi kwenye kiganja ili ajue tatizo lilikuwa nini. Pesa hakudai. Mama akamwekea maandazi. Dereva mmoja alikuwa anamalizia mchemsho wake pembeni, kimya, anaangalia.

"Dogo, na sola unafunga?"

"Nafunga, kaka. Paneli, betri na waya zote za ndani."

"Mota je, za mashine?"

"Za kukoboa nimeshazifungua na fundi wangu, kaka. Kubadilisha beringi naweza mwenyewe."

"Nipe namba."

Haikupita muda akapigiwa na mtu wa Nzega asiyemjua kabisa. Yuko kule mpaka sasa. Tazameni alivyoulizwa na alivyojibu. Hakusema "kaka, mimi kazi yoyote nafanya." Hiyo sentensi naomba ife kijiweni kwetu. Mtu anayefanya kazi yoyote hakumbukwi kwa kazi hata moja. Mtu wa beringi anakumbukwa siku beringi inapokatika. Una diploma ya uhasibu? Shika vitabu vya kikoba cha akina mama wa mtaani kwako, vikae sawa, halafu ukikutana na katibu wa chama cha msingi useme, "Nafunga mahesabu ya kikoba fulani, mzee, unaweza kumuuliza mwenyekiti wao." Umesoma kilimo? Jua bei ya mpunga ya leo Nzega na Tabora kuliko dalali. Ualimu? Fundisha watoto wa darasa la saba jioni, wazazi watakutangaza kanisani na msikitini bila kulipwa.

Halafu kuna namna ya kumfuata mtu. Mzee unamwanzia na salamu yake, mwangaluka kama ni asubuhi, unasubiri aulize habari za nyumbani, na unazijibu kweli kweli. Humwombi kazi mbele za watu. Akikataa atakuwa amekuaibisha na amejiaibisha, na kesho atakukwepa. Mwombe kitu chepesi: "Mzee, naomba uniambie nimuone nani." Watu wengi hawana kazi ya kukupa lakini kila mtu ana jina la kukupa, na akishakupa jina anajisikia ameshiriki, atakuuliza ilikuwaje. Rudi umwambie ilikuwaje, hata kama ulipigwa chini. Asiyerudisha majibu hatumwi tena. Na usichanganye huku na kupiga mizinga. Ukimwomba mtu mchongo leo, usimwombe buku ya vocha kesho, maana ataanza kukuona kwa jicho la deni.

Dereva usimfuate anapokagua matairi au anapogombana na wapakiaji. Mfuate akiwa amekaa. Mnadani kuna watu kutoka mbali, ila mpaka ng'ombe hawajauzwa hakuna mwenye masikio, subiri mchana pesa zikishahesabiwa. Msibani ndiyo kabisa, usifungue mdomo wako kuhusu kazi. Chimba kaburi, panga viti, gawa chakula, osha masufuria usiku watu wakiwa wamelala. Huku kwetu mtu hupimwa hapo. Nimeona wazee wanamtaja kijana kwenye kamati za shule na za maji kwa sababu tu walimkuta na jembe makaburini. Na uende kwa sababu mwenzako amefiwa, maana mtu akienda msibani kusaka dili watu wazima wanamnusa mapema sana.

Kingine ni makaratasi, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Machi 2024 kilizinduliwa kiwanda cha kupaka mabomba tabaka la kutunza joto pale Sojo, kata ya Igusule, wilaya yetu hii hii ya Nzega, kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga. Ni kilomita 1,443, na 1,147 ziko upande wa Tanzania. Mradi wa namna hiyo ukitua, habari inatembea kwa mdomo kuliko kwa karatasi: leo unasikia wanahitajika watu, kesho asubuhi unatakiwa uwe umefika. Ukianza siku hiyo kutafuta namba ya NIDA, umechelewa. Kwa hiyo kaa na faili moja la plastiki nyumbani: nakala za vyeti zilizogongwa muhuri wa wakili, NIDA, TIN, leseni kama unayo, picha ndogo kadhaa, barua ya mtendaji wa kijiji, na namba za watu wawili waliokubali kabisa kuwa wadhamini wako. Mtendaji mfahamu sasa, ofisi ikiwa tupu, usimfahamu siku vijana wamejazana mlangoni. Na mjue kwamba miradi inaisha. Wazee wa Nzega wanaukumbuka mgodi wa Resolute pale Lusu, walivyouona ukifunguka na walivyouona ukifungwa. Ukiingia kwenye kazi ya mradi, siku ya kwanza tu anza kujua majina ya mafundi wa juu yako, maana wao ndio watakaojua mradi unaofuata uko wapi.

Kwa masista neno langu ni zito zaidi. Yupo atakayekwambia kazi ipo lakini njoo tuonane gesti, au njoo usiku tuongelee mkataba. Hiyo sio koneksheni, ni rushwa ya ngono, na sheria ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inaitaja kwa jina. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Tunza meseji, usizifute kwa hasira. Onana na watu mchana, mahali pa wazi, na mwambie mwenzio uko wapi. Na sisi wanaume wa kijiwe tukisikia sista kakutwa na hilo, tusianze kumuuliza alivaa nini. Tumsindikize akatoe taarifa.

Matapeli nao wana mtindo mmoja: umechaguliwa, tuma elfu thelathini ya fomu, ya sare, ya vipimo. Kazi ambayo hujaanza haiwezi kukudai. Kata simu, block, washtue wengine.

Tuje kwenye msoto wenyewe, maana huko ndiko tunakopoteza watu. Miezi ikiwa mingi, nyumbani maswali yanapungua, na ule ukimya wa mshua unauma kuliko maswali. Unaanza kukwepa waliosoma nawe. Unaanza kulala mchana. Halafu mkeka unaingia: jero ya kwanza ya kujifurahisha, mwisho wa mwezi umechana hela ya nauli ya usaili. Nimewaona wana wenye akili nyingi wakizama hapo. Kubeti kunakupa hisia kwamba unafanya kitu, ndiyo hatari yake. Kama uko humo, mwambie mtu mmoja leo, na simu yenye pesa akae nayo mwingine.

Kinachomshikilia mtu ni kuwa na kitu cha kufanya kilicho na saa. Kibarua cha kupalilia, zamu ya boda kwa bosi mwenye hesabu inayoeleweka, kupima mizigo sokoni, chochote kinachokutoa kitandani alfajiri na kukurudisha na elfu mbili tatu mfukoni. Digrii yako haipungui kwa kushika jembe, na tajiri anayesaka mtu mara nyingi humwona aliye kazini kabla ya aliyekaa. Oga, nyoa, tunza shati moja na suruali moja za usaili, zikae zimepigwa pasi. Wazazi waambie ukweli: wiki hii nimeomba wapi, nimemwona nani, nimejibiwa nini. Mzazi akijua unapambana anakuwa upande wako, na mara nyingi ana mtu anayemjua ambaye hakuwahi kufikiria kumtaja.

Ukipigwa chini kwenye usaili, wapigie kwa heshima uulize ulipungukiwa wapi. Wengine hawatajibu. Atakayejibu amekupa kitu cha kufanyia kazi. Jipe siku moja ya kuumia, kweli uumie, kisha kesho yake toka nje ukasalimie watu.

Na msisote mmoja mmoja. Kaeni wanne watano mnaoaminiana, Jumatatu asubuhi kabla jua halijawa kali, kila mmoja aseme amesikia nini na amemwona nani. Bando changieni moja, nauli ya Tabora achangiwe anayeitwa. Kundi hilo hilo likitulia linaweza kusajiliwa likaomba ule mkopo wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana. Ulisimamishwa mwaka 2023 na ukarudishwa mwaka uliofuata. Na mwenzenu akianza kusema amechoka kuishi, msimwachie kijiwe kimchekeshe. Kaa naye, usimwache peke yake, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Kuanzia Mei mpunga unavunwa na wanunuzi wanaingia kutoka Mwanza, Shinyanga na Kahama. Kila mmoja anahitaji mtu wa kuandika magunia, wa kusimamia mzani, wa kumwonyesha nani mkweli na nani anachanganya pumba. Nendeni mkiwa na kalamu na daftari, mpeni mkono, mtaje majina yenu na kile mnachokijua. Na atakayepata, kabla hata hajalipwa wiki ya kwanza, amtajie bosi jina la mwana mmoja aliyebaki hapa barabarani.